Usoni Kwanza, Jina Baadaye

Mganga mfawidhi ameniomba niandike kitu cha kuwasaidia ninyi mnaobaki kwenye kliniki ya selimundu hapa Bariadi. Nilimkumbusha kwamba mwongozo upo kabatini, rafu ya chini, na nailoni yake haijatolewa. Akasema anataka yale ambayo hayamo kwenye mwongozo. Hii ni wiki ya tatu tangu nistaafu, na mke wangu ameshaanza kunihamisha na kiti kila anapofagia, kwa hiyo nafasi ninayo.

Vyeo na mshahara nitavipita. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara mnaujua.

Kazi hii nilipewa kwa wiki mbili. Nilikuwa tabibu wa wagonjwa wa nje, malaria na vidonda, kabla Simiyu haijawa mkoa. Muuguzi aliyekuwa akiwaona watoto wa selimundu kila Alhamisi alikwenda likizo ya uzazi, nikaambiwa nimshikie. Alipojifungua akamfuata mumewe Mwanza. Hakuna aliyekuja kuniambia kwamba wiki mbili zimekwisha, nami ni mtu wa kusubiri maelekezo. Nilisubiri mpaka nikastaafu.

Siku ya kwanza nilikuta meza, benchi na daftari. Daftari lilikuwa na safu iliyoandikwa "Ushauri uliotolewa," na chini yake, ukurasa baada ya ukurasa, neno moja tu: Ameshauriwa. Mama wa kwanza kukaa mbele yangu aliniuliza mwanawe ameupata wapi ugonjwa huu, wakati yeye na mumewe ni wazima na wanalima. Nilimwandikia folik asidi, na kwenye safu nikaandika: Ameshauriwa. Ninaungama leo kwa sababu daftari hilo bado lipo na mwandiko wangu mnaujua.

Mambo yenyewe si mengi. Chembe za damu za mtoto hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa, mtoto anapata maumivu, mikono inavimba, macho yanakuwa ya njano. Ili augue, lazima apokee mbegu ya ugonjwa kwa mama na nyingine kwa baba. Mwenye mbegu moja haumwi na wala hajijui. Hayo unaweza kumweleza mtu kwa dakika tano. Kazi iko kwenye dakika zinazofuata, kwa sababu huku kwetu ugonjwa usio na mtu nyuma yake hauaminiki sana, na mtu anayetafutwa kwa kawaida ni mke.

Aliyenifundisha ni Mzee Zakaria wa maabara, mtu mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimpelekea vichupa viwili vya kwanza vya damu, akaviweka mezani akaniuliza kipi ni cha nani. Nikamwambia nimeviandika majina. Akasema, "Majina nayaona. Nauliza watu." Kisha akanipa kanuni ambayo baadaye ninyi nyote niliwachosha nayo: usoni kwanza, jina baadaye. Mtazame mtu usoni, muulize akutajie jina lake mwenyewe, ndipo uandike kichupa akiwa bado mbele yako. "Usimtajie wewe," alisema. "Ukimtajia atakubali. Watu wetu wana adabu."

Vifaa vyangu vilikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga. La kwanza kopo la baba, la pili kopo la mama, na kila moja lina dengu moja na choroko moja. Dengu ni mbegu nzima, choroko ni mbegu ya ugonjwa. Baba anaingiza mkono bila kuchungulia anatoa moja, mama anatoa moja, huyo ndiye mtoto. Choroko mbili, mtoto anaugua. Unarudisha mbegu, unavuta tena, mtoto wa pili. Nilitunga mchezo huu kwa sababu kila nilipomwambia mtu kwamba kwa kila mimba kuna hatari moja kati ya nne, alihesabu kwamba huyu mgonjwa ameshatoka, basi watatu wanaofuata ni wazima. Mzee mmoja wa Mwanhuzi alivuta choroko mbili mara tatu mfululizo, akaniambia makopo yangu yana mdudu.

Ubaya wa makopo ni kwamba mtu anafumba macho, anaingiza mkono kwenye chombo, anatoa mbegu, halafu mwanamume wa makamo anamweleza maana yake. Haikuchukua muda bibi mmoja akaniwekea kuku chini ya meza. Nilimrudishia. Alisikitika kweli, akaona sasa matibabu hayatashika. Tangu hapo nikawa nawaambia watu wafumbue macho wakitazama dari, na nadhani ilisaidia kidogo.

Sasa nifike kwa Minza.

Minza alitoka kijiji kimoja mbele ya Lagangabilili. Alikuja amembeba binti yake Kabula, wa miaka minne, mwepesi kuliko mfuko wa shule. Watoto wawili kabla ya Kabula walikuwa wamefariki, wote kwa homa na kuishiwa damu. Nyumbani kwa mumewe walishasema kwamba mwanamke huyu kaja na kitu kutoka kwao. Minza hakulia wala hakulalamika. Alivuta dengu na choroko kwa makini kama anachagua mbegu za kupanda, akaniuliza, "Kwa hiyo haiwezi kutoka upande mmoja?"

Nikamwambia haiwezi. Lazima pande mbili.

"Basi Maduhu naye apimwe," akasema. Maduhu ndiye mume wake. "Wakiona karatasi yake wataacha kunilaumu."

Damu ya mama na ya mtoto nilichukua siku hiyohiyo. Wakati ule kipimo kamili kilikuwa Mwanza. Tulipeleka vichupa kwenye kiboksi cha barafu kwa gari la hospitali likiwa na mafuta, na kwa basi likiwa halina, kisha tukasubiri bahasha. Nilimwambia Minza nitaisubiri damu ya mumewe, zote tatu ziende pamoja.

Alhamisi iliyofuata benchi lilijaa hadi nje. Nikaita, "Maduhu Nkwabi!" Mwanamume akainuka akasema, "Ndiyo, dokta," akakunja shati, akanyoosha mkono. Alikuwa na mshipa mzuri sana, umesimama wenyewe. Niliusifia. Nikatoa damu, nikaandika kichupa, nikaita jina lingine.

Bahasha ilirudi baada ya wiki kadhaa. Mama ana mbegu moja ya selimundu. Mtoto ana mbili. Maduhu hana hata moja.

Ninyi mmesoma na mnaelewa mara moja nilichokielewa mimi. Mtoto mwenye choroko mbili hawezi kutoka kwenye kopo lenye dengu tupu. Mwongozo una aya moja juu ya jambo hili, na aya hiyo inashauri busara. Sikuwa nayo tayari siku hiyo, lakini nilidhani ninayo.

Minza alipokuja, nilimtoa mtoto nje kwa muuguzi, nikafunga mlango, nikashusha sauti. Nikamuuliza kama kuna jambo lolote kuhusu baba wa Kabula ambalo angependa kuniambia, na kwamba litabaki hapahapa.

"Dokta, unaniuliza kama nimezaa nje?"

"Nauliza tu, mama."

"Kabula ni wa Maduhu. Sina mwingine, na sijawahi kuwa naye."

Nikatikisa kichwa kwa namna ile tunayofundishwa, isiyokubali wala kukataa. Moyoni nilishakata shauri kwamba anadanganya. Nilimwonea huruma, na hiyo huruma niliiona kuwa ni wema. Nikamwambia majibu ya mumewe atakabidhiwa mwenyewe, maana majibu ni mali ya mwenye damu.

Yule mwanamume akaja kuchukua karatasi yake. Nilimwambia damu yake haina mbegu ya selimundu na hawezi kumrithisha mtu. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. "Kabisa?" aliniuliza. Nikasema kabisa. Sikuongeza neno. Nilikuwa nimeamua kwamba kanuni ya pande mbili sitaitaja tena mbele ya familia ile, kwa sababu nikiitaja, yeyote mwenye akili ya kujumlisha atagundua kwamba mtoto si wa Maduhu, na Minza ataumia. Kwa maneno mengine, nilikaa kimya ili nimlinde kutokana na kosa ambalo hakulifanya.

Hazikupita siku kumi Minza akarudi, safari hii na furushi la nguo kichwani na Kabula mgongoni anaugulia. Tulimlaza mtoto, tukamwekea maji na dawa ya maumivu. Alipotulia, mama yake akanieleza yaliyotokea. Karatasi ilisomwa nyumbani na mwalimu wa shule ya msingi. Maduhu hana ugonjwa. Basi wazee wakasema suala limekwisha, ugonjwa ni wa ukoo wa mke. Jumamosi kaka zake Minza wameitwa waje kusikia, mke arudi kwao, na ng'ombe wa mahari warudi walikotoka.

"Na Kabula?" nikauliza.

"Anakwenda na mimi. Nani atamtaka?"

Kwao ni ndani huko Meatu, kwa mama yake mzee. Niliijua njia hiyo. Mvua ikinyesha mto unafunga, na kiangazi hakuna gari. Kliniki nyingine ya selimundu haikuwepo. Mtoto kama Kabula akishikwa na homa kule asubuhi, kesho yake mnazungumza habari nyingine. Minza alijua hivyo vizuri kuliko mimi, alishazika wawili.

Nikamwambia pole. Nikaanza kumweleza jinsi ya kumpa mtoto maji mengi.

"Dokta," akanikata, "ulisema lazima itoke pande mbili. Ulinivutisha dengu na choroko kwa mkono wangu huu. Sasa karatasi imekuja na umenyamaza. Kama ulinidanganya, sema, niende kwetu nikijua. Kama ni kweli, njoo Jumamosi useme."

Hapo ndipo nilipoanza kuona haya, ingawa sikujua bado kiasi chake. Mwanamke mwenye siri hamwiti shahidi wa kumfichua mbele ya wakwe. Hilo hata mtu asiye na cheti angelitambua mapema zaidi.

Nikaenda maabara nikamweleza Mzee Zakaria yote. Alisikiliza huku anafuta kioo cha hadubini. Kisha akauliza swali moja.

"Huyo Maduhu yukoje?"

"Ana mshipa mzuri."

"Nimeuliza uso."

Nikafikiri. Nilikuwa nimemwona mtu yule mara mbili, kwa umbali wa mkono mmoja, na sikuweza kusema kama ana ndevu. Zakaria hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua kabati, akatoa sindano moja na vichupa viwili, akavifunga kwenye karatasi, akasema, "Chukua na kiboksi cha barafu. Jumamosi kuna jua."

Nilifika kwa Mzee Nkwabi, baba yake Maduhu, kwa pikipiki ya kuazima, kiboksi kimefungwa nyuma. Wazee walikuwa wameshakaa. Kaka zake Minza walikaa pembeni, wamevaa makoti licha ya joto, kama watu waliokuja kushindwa kwa heshima. Minza alikuwa mlangoni mwa jiko na Kabula mapajani. Tulisalimiana. Kwetu salamu huwezi kuipunguza hata nyumba ikiwaka moto, kwa hiyo tulisema mwadila, tukaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua na za pamba, ndipo nikauliza, "Maduhu ni yupi?"

Akainuka mtu mrefu mwenye ndevu ambaye sikuwahi kumwona maishani mwangu.

Kando yake alikuwa amekaa yule mwenye mshipa mzuri. Alinichekea kama tunafahamiana, na kwa kweli tulifahamiana. "Karibu, dokta," akasema. "Unanikumbuka? Tulionana kliniki."

"Wewe ni nani?"

"Masanja. Mdogo wake Maduhu."

"Nilipoita Maduhu, uliitika."

"Maduhu ndiye aliyenituma," akasema kwa upole, akiona labda jua limenipata njiani. "Ningeitika la nani?"

Nikamgeukia Maduhu. Hakuona tatizo liko wapi. "Siku ile nilikuwa na pamba kwenye mzani, dokta, ukiondoka unakosa zamu. Na sindano, kusema kweli, siipendi. Huyu ni tumbo moja na mimi. Baba mmoja, mama mmoja, damu moja. Hata kwa kina Minza ndiye aliyekwenda kunisemea, na ng'ombe wakapokelewa. Hakuna aliyesema niende mwenyewe."

"Tulisema," akasema kaka mkubwa wa Minza.

Nimeshapata furaha kadhaa katika kazi hii, lakini sijui kama niliwahi kupata furaha na fedheha kwa wakati mmoja kama pale. Minza hakudanganya. Aliyekosea ni mimi, kwa kutotazama uso, na kosa langu nikamtwisha yeye. Nilimtazama pale mlangoni. Alikuwa ananitazama pia, na hakuonyesha dalili ya kunisaidia.

Nikatoa makopo. Nikaeleza kwamba ndugu wawili hawana damu moja. Kila mtoto anaingia kwenye makopo ya wazazi wake kivyake, mmoja anatoka na dengu, mwingine anatoka na choroko. Nikavuta mara nne kuonyesha. Mzee Nkwabi alifuatilia mkono wangu kwa subira, kisha akasema:

"Dume moja, ng'ombe jike mmoja. Mwaka huu ndama mweusi, mwaka ujao ndama wa madoa. Ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo, mzee."

"Hilo nani asiyelijua? Ungesema hivyo tangu mwanzo. Dengu za nini?"

Baada ya siku hiyo, kwa wafugaji niliacha makopo. Ninyi mlionikuta naeleza habari za ndama na mkadhani ni ubunifu wangu, sasa mnajua.

Maduhu aliwekwa kwenye kigoda mbele ya watu wote. Nikamtazama usoni mpaka akaona aibu. "Jina lako nani?"

"Si umeshaambiwa?"

"Litaje mwenyewe."

Akalitaja. Alifumba macho, akamshika Masanja bega, nikatoa damu. Mzee Nkwabi akasema ng'ombe hawatatoka zizini mpaka karatasi irudi, na Minza arudishe furushi ndani. Kaka zake wakala, wakavua makoti.

Majuma yale ya kusubiri bahasha nililala vibaya. Nilijua ilivyopaswa kuwa, lakini nilishawahi kujua mambo kwa uhakika hivi karibuni, na mmeona matokeo. Bahasha ilipofika Zakaria hakuifungua. Alinikabidhi, akasimama kando huku anajifanya anatafuta kalamu. Maduhu Nkwabi: mbegu moja ya selimundu. Nilisoma mara mbili, nikakaa. Zakaria akavua miwani, akaifuta, akasema, "Huyu sasa ana uso."

Niliipeleka karatasi mwenyewe. Wazee wakaitwa tena, nikasoma kwa sauti, nikaeleza kwamba mbegu ilitoka pande mbili, hakuna mwenye hatia, na Kabula anatakiwa kliniki kila mwezi. Nikadhani nimemaliza. Nikaanza kukunja karatasi.

"Bado," akasema Minza. Alikuwa amesimama safari hii. "Kuna neno uliniuliza mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ya chini. Hapa mbona unasoma kwa sauti ya juu? Soma na hilo."

Ningeweza kusema mambo ya kliniki ni siri. Lakini siri ile ilikuwa yake, na alikuwa anaitoa. Nikawaeleza. Nikasema nilichukua damu ya Masanja nikaiandika jina la Maduhu bila kutazama uso, na karatasi ilipokuja nikaamini karatasi kuliko mwanamke aliyekuwa mbele yangu. Nikasema nilimdhania amezaa nje. Nikamwomba msamaha mbele ya mumewe na wakwe zake, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Maduhu alitazama chini. Kisha Mzee Nkwabi akatoa hukumu. Mimi nilitozwa mbuzi mmoja kwa kumdhania mke wa mtu. Maduhu alitozwa wawili, kwa kumtuma mtu akatolewe damu badala yake. Masanja hakutozwa kitu, na ukiangalia vizuri ndiye peke yake katika mkasa wote aliyepata huduma kamili: alipimwa, akapewa majibu sahihi, akashauriwa, akaridhika.

"Nimekusamehe," Minza aliniambia wakati naondoka. "Alhamisi nitakuja na mtoto. Usinishushie sauti tena."

Hilo mwongozo hauna, kwa hiyo liandikeni mahali. Majibu yakikuambia kwamba mtu amedanganya, kabla hujamuuliza mtu, uliza kichupa. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye uso. Mara nyingi aliyekosea ana koti jeupe.

Baada ya hapo miaka ilikwenda. Simiyu ikawa mkoa, tukapata majengo mapya na mihuri mipya, muda mrefu kabla hatujapata dawa mpya. Zakaria alistaafu, akafariki, na nilimzika nikiwa na moja ya kalamu zake mfukoni. Vikaja vidonge vya haidroksiurea, ambavyo kwa watoto wengi vilipunguza maumivu kwa namna ambayo sikuwa nimetarajia kuiona. Kikaja kipimo cha kuchoma kidole, unasoma mistari hapohapo, na kiboksi cha barafu tukakifanya cha kuwekea soda.

Walikuja wachumba kutoka Lamadi, watoto wa wavuvi, wote wawili na mbegu moja moja, wakaniuliza waoane au wasioane. Nikawaambia kazi yangu ni kuwaonyesha makopo, mkono ni wao. Kijana alikasirika, akasema amelipa nauli ili aambiwe jambo. Walioana, wakanialika, nikala sangara. Na wapo watoto wengi ambao majina yao yamo kwenye daftari lakini wao kwenye benchi hawamo. Hao sitawasimulia hapa. Nawakumbuka sura, mmoja mmoja, na wapo ninaowaota.

Kabula alikuja kila mwezi. Miaka ya mwanzo Maduhu mwenyewe alimleta kwa baiskeli, na kila alipofika mlangoni alitaja jina lake kabla hajaulizwa. Wakazaa mtoto mwingine, wakijua wanachofanya, akatoka na mbegu moja tu. Kabula alilazwa mara nyingi, akakosa shule, akarudi shule, akanizoea kiasi cha kunisahihisha. Nikiita jina bila kuinua kichwa alikuwa haitiki. Alikaa kwenye benchi kimya mpaka nimtazame, ndipo anasema, "Nipo." Benchi zima lilijifunza kwake tabia hiyo. Ndiyo maana Alhamisi yetu inachelewa kwisha, kama mmewahi kujiuliza.

Wiki yangu ya mwisho, Neema, wewe unayeishika kliniki sasa, ulikuwepo, lakini ulikuwa na kazi mikononi, kwa hiyo nikuandikie ulichokikosa. Kabula aliingia, msichana mzima sasa, mshonaji wa nguo, macho bado ya njano kidogo. Alikuja na mchumba wake, fundi pikipiki wa Malampaka, kijana mwenye grisi kwenye kucha na woga usoni. Washenga walikuwa waende kwao Jumapili. Kabula alisema hawaendi mpaka huyu apimwe, kwa sababu yeye kopo lake ni choroko tupu, na anataka kujua la mwenzake lina nini.

Wewe ulimchoma kidole. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mgeni, kwa kuwa changu nilishakukabidhi. Mistari ikatokea. Ukaitazama, ukasema hana mbegu ya selimundu kabisa, watoto wao hawatakuwa wagonjwa. Kijana akaachia pumzi aliyoibana tangu Malampaka. Mimi nilikuwa natafuta leso.

Kabula hakucheka. Alimgeuza yule kijana kwa mabega, akamtazama usoni, kwa muda, kama anasoma karatasi.

"Una mdogo wako mnayefanana?"

"Ninaye."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Lamadi. Anauza dagaa."

Akamtazama tena kidogo. Kisha akanigeukia mimi, si wewe. "Ndiye," akasema. "Andikeni."